Helmeti ya Pili

Jumatatu, 3 Machi

Ng'ombe watatu leo. Wawili Terrat, mmoja juu ya Sakina. Huyo wa Sakina nilimkuta joto limeshapita, na mwenye ng'ombe akanilaumu mimi. Alikuwa amenielekeza kwa simu: ukifika kwenye mgahawa wa zamani, panda. Mgahawa ulishabomolewa. Nimezunguka saa nzima na mtungi wa mbegu nyuma ya pikipiki, nikiuliza kila niliyemkuta.

Wafugaji wananiita daktari. Si daktari. Nawapandikiza majike mbegu za madume ambao hawatawaona maisha yao yote, nafunga mtungi, naondoka. Mke wangu Rebeka alikuwa akicheka nikisema hivyo. Nimesema tena leo nikinawa mikono. Hakuna aliyecheka.

Simu nane zimenipita nikiwa barabarani. Ng'ombe hasubiri, joto likipita limepita. Nimeamua kufunga GPS na intakom ya helmeti, niongozwe njia na nipokee simu bila kusimama. Ombeni, fundi umeme wa pikipiki hapa Kaloleni, ananisema tangu mwaka jana.

Ugali na maharage. Nimebakiza nusu sufuria. Mpaka leo sijui kupika cha mtu mmoja.

Jumatano, 5 Machi

Boksi limefika kutoka Dar. Intakom zinauzwa mbili mbili, moja ya dereva na moja ya abiria. Nilimwambia muuzaji kwa simu kwamba nataka moja tu. Akasema hazigawanyiki, ni kama viatu. Sikubishana.

Kwaresima imeanza leo. Sikwenda ibadani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimejiaibisha. Alhamisi nilijifungia GPS mwenyewe, nikaiunganisha moja kwa moja kwenye betri. Ijumaa asubuhi pikipiki imekufa kabisa. Kile kioo kilikuwa kimekesha kikinyonya umeme peke yake ndani ya korido. Nimesukuma mpaka kwa Ombeni, majirani wakinipa pole.

Ombeni alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Kisha akafungua taa ya mbele, akatafuta waya unaopata umeme swichi ikiwashwa tu, akaweka rilei ya kukata umeme, akaweka fyuzi karibu na betri, akachomelea viungo kwa risasi, akavifunga tepu. Sasa ukizima swichi kila kitu kinalala. Kazi ya saa mbili. Mimi ingenichukua mwezi, na pikipiki ingeungua.

Spika za intakom ni nyembamba, zinaingia chini ya sponji ya helmeti, usawa wa sikio. Kipaza sauti kinakaa mbele ya mdomo. Alipomaliza yangu akauliza ya pili inaingia wapi. Nikatoa helmeti ya Rebeka kwenye mfuko. Miaka miwili imekaa juu ya kabati. Ombeni aliitambua. Aliipokea kwa mikono miwili, akaifanyia kazi, hakunitania tena.

Kupima, akaivaa yeye, akatembea kuelekea uwanja wa mpira huku tunaongea. Alinisimulia habari za mkewe, bei ya nyanya, goti lake. Alipopita kona ya uwanja sauti ikakatika. Nilibaki nimesimama na helmeti kichwani nikisubiri irudi. Niseme ukweli: hayo yalikuwa mazungumzo yangu marefu kuliko yote wiki hii.

Jumapili, 9 Machi

Olmotonyi kwa mama mkwe, kama kila Jumapili. Binti yangu Anethi amerefuka. Ana miaka minane na gauni la Krismasi tayari limepanda juu ya magoti.

Siku ya mazishi ya Rebeka ilisemwa mtoto akae kwa bibi yake kwa muda. Nilikubali. Nilikuwa siwezi hata kufunga kamba za viatu vyangu. Muda huo sasa ni miaka miwili. Anamwita bibi yake koko, anaongea Kimaasai na kuku. Nikimuuliza shule anasema nzuri. Nikimuuliza chakula anasema nimekula. Tunakaa kwenye benchi mimi na yeye, tunatazama migomba.

Mama mkwe alipita mara mbili. Nilisimama, nikainamisha kichwa, nikasema shikamoo Mama. Akasema marahaba Baba Anethi, akapitiliza. Huku kwa Waarusha mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hatupeani mkono, hatugusani, hatuli pamoja, hatuangaliani usoni. Mimi ni Mchaga wa Machame. Kwetu heshima ipo, ukuta haupo. Miaka kumi na miwili namjua mwanamke huyu kwa miguu yake na kwa sauti yake.

Ombi langu nilimpa shemeji Lomayani, kaka yake Rebeka, alipeleke kama inavyotakiwa: namwomba mtoto wangu, hata kwa likizo tu kwanza. Leo jibu limekuja. Mama anasema bado. Anasema baba wa mtoto anaishi juu ya pikipiki.

Imeniuma kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 11 Machi

GPS inaongea Kiswahili. Sauti ya mwanamke. Baada ya mita mia mbili, geuka kulia. Ni mpole, hachoki, nikikosea hanisemi. Nimegundua namjibu.

Leo amenipeleka ndani ya msitu wa serikali juu ya Olmotonyi, kwenye njia ya magogo, tope mpaka kwenye ekseli. Ng'ombe alikuwa upande wa pili wa korongo, namwona kabisa, ila ni kuzunguka kote. Nikifika kila boma natia alama kwenye ramani. Majina ya watu yanafanana mno, kwa hiyo naandika ng'ombe. Mweusi Mkia Mfupi. Mama wa Mapacha. Mpiga Mateke. Nina alama ishirini na saba. Kioo kimejaa ng'ombe.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua imenifungia ndani. Niandike hili mara moja, nisiliandike tena.

Intakom sikununua kwa ajili ya simu za wafugaji.

Ilikuwa masika kama haya, Jumapili. Tulikuwa tumekwenda kumwona mama yake, Anethi tukamwacha huko kwa sababu ya mvua. Rebeka akabanwa na pumu. Gari hakuna. Nikampakia, nikakaza mwendo kwenda hospitali mjini. Mimi na yeye tulikuwa na desturi yetu: akinigonga begani, nasimama. Kwenye upepo na mvua huwezi kusikia mtu wa nyuma hata akipiga kelele.

Alinigonga. Sikusimama. Niliona kusimama ni kupoteza muda. Nikapaza sauti nikamwambia tunakaribia, vumilia. Alinigonga tena, na tena. Sikusimama. Tulipofika Mianzini mikono yake ikalegea kiunoni mwangu.

Pampu yake ya pumu ilikuwa kwenye begi. Begi nilikuwa nimelifunga mwenyewe kwa mpira kwenye keria, nyuma yake, asikolifikia. Alitaka nisimame aichukue. Nilijua nilipofungua begi jioni ile.

Watu wote wanasema pumu imemchukua. Wananipa pole. Mama yake alinipa pole. Hakuna anayejua aligonga.

Jumapili, 16 Machi

Leo nimekwenda na helmeti zote mbili. Sikuwa na mpango wowote, zilikuwa zimening'inia tu. Anethi akaiomba ya mama yake. Nikamwonyesha kufunga kamba ya kidevuni: ina pete mbili za chuma, kamba inapita ndani ya zote mbili kisha inarudi ndani ya moja. Amejifunza mara ya kwanza. Mimi ilinichukua siku.

Akakimbia mpaka kwenye mibuni, kichwa kikubwa, miguu myembamba. Kisha nikamsikia ndani ya masikio yangu. Baba, unanisikia? Nikasema nakusikia. Basi akafunguka. Mwalimu wa hesabu ananuka sigara. Koko anaficha sukari chini ya kitanda. Ameota jino limeota kwenye ulimi. Rafiki yake amehamia Ngaramtoni na hakuaga. Karibu nusu saa. Alipokuwa haoni uso wangu aliweza kusema yote. Aliporudi kwenye benchi akawa yule yule: nzuri, nimekula.

Kuna miguu ilikuwa imesimama mlangoni kwa muda mrefu. Mama mkwe alikuwa anasikiliza mjukuu wake akicheka.

Nimerudi Kaloleni na kichwa kinauma. Namtaka mtoto wangu. Ningeweza kukaa kimya tu mpaka wachoke kukataa. Lakini nikimpata hivyo nitakuwa nimempata kwa kumdanganya bibi yake.

Jumatano, 19 Machi

Nimefanya ujinga. Sikuwa na ng'ombe mchana. Nimepanda Olmotonyi, nikaiambia GPS inipeleke hospitali, nikaenda kwa mwendo ule ule wa siku ile. Dakika thelathini na moja. Kisha nimerudia, safari hii nikasimama Ngaramtoni, nikashuka, nikafungua begi kwenye keria, nikatoa kitu, nikafunga, nikapanda. Dakika thelathini na tatu.

Mbili tu.

Nimekaa kwenye geti la hospitali mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nina mgonjwa.

Jumatatu, 24 Machi

Lomayani amenipigia. Mama mkwe ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jicho la kwanza litapasuliwa Alhamisi, hospitali mjini. Tarehe wameingoja miezi. Gari la jirani ndilo lingempeleka, ila mvua ya juzi imechukua kalavati, magari hayashuki. Pikipiki inapita. Bodaboda hamtaki, hapandi na mtu asiyemjua. Lomayani mwenyewe hajui kuendesha.

Kwa hiyo mama amesema nije mimi.

Nilifikiri sikusikia vizuri. Nikamuuliza Lomayani, na mila je? Akasema amemuuliza swali hilo hilo. Mama amejibu kwamba mila haikumwekea kalavati. Mchungaji ameulizwa, amesema jicho ni jicho.

Jumatano, 26 Machi

Nimeosha pikipiki. Nimefua sponji ya helmeti, nikaianika. Nimekaza keria, nimeongeza vyuma viwili vya kushikilia. Nimejaza upepo. Sina cha kuongeza tena na saa bado ni tisa alasiri.

Naogopa. Kesho nampakia mwanamke ambaye nilimpakia binti yake. Barabara ileile, masika yaleyale.

Alhamisi, 27 Machi

Nilifika saa moja asubuhi. Mvua imekatika, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Mama mkwe alikuwa tayari, amevaa kitenge chake cha kanisani na sweta. Anethi alimvalisha helmeti na kuifunga zile pete, kwa sababu mimi siwezi kumgusa na yeye haoni vizuri. Mama mkwe alikaa upande. Kati yetu akaweka kikapu cha ndizi, kikubwa, ameshikilia mwenyewe. Kikapu hicho ndicho kilikuwa mpaka. Mpini wake ulinichoma mgongoni njia nzima na sikusema.

Tulivuka kwenye kalavati kwa mguu, nikasukuma. Baada ya hapo nikawasha intakom. Nikamwambia, Mama, ukiongea nakusikia, huna haja ya kupaza. Ikapita kama kilomita moja. Kisha akasema ananisikia kama niko ndani ya kichwa chake.

Basi akaongea. Miaka kumi na miwili sijapata kumsikia akisema zaidi ya salamu. Hakuniona, sikumwona, nadhani ndiyo maana. Aliuliza nani ananifulia. Aliuliza kama ni kweli naingiza mkono mzima ndani ya ng'ombe. Nikasema ni kweli. Akacheka, kicheko cha mtu anayejizuia. Akaniambia jinsi baba yake Rebeka alivyopeleka kahawa kwa punda mpaka mjini, jinsi yeye alivyokuwa anamsindikiza. Nilisahau kuogopa.

Tulipotokea lami akauliza kama kofia hii ilikuwa ya Rebeka. Nikasema ndiyo. Akasema alijua, ina kamba ileile aliyoitafuna. Sikujua kama Rebeka alikuwa anatafuna kamba. Kisha akasema polepole, kama mtu aliyelifikiria kwa siku nyingi:

"Likizo ikifika mchukue mtoto, Baba Anethi. Akae kwako. Tukiona anakula na analala, abaki."

Hilo ndilo nililokuwa naliomba miaka miwili. Limekuja lenyewe, sikio langu limelipokea. Kulikuwa na neno moja tu la kujibu, nalo ni asante. Tulikuwa tunaingia Ngaramtoni. Hapo ndipo Rebeka alinigonga mara ya kwanza.

Nikasema:

"Mama, siku ile Rebeka alinigonga begani nisimame. Sikusimama. Pampu yake ilikuwa kwenye begi nyuma, alikuwa anaitaka. Mimi sikusimama."

GPS ikasema endelea moja kwa moja.

"Simama," akasema mama mkwe.

Nilisimama. Safari hii nilisimama palepale, kwenye tope la pembeni. Alishuka na kikapu chake. Akaanza kuivuta kamba ya kidevuni. Akavuta, akazungusha, akavuta. Zile pete kadiri unavyozivuta ndivyo zinavyokaza. Nilinyoosha mkono, nikaurudisha. Hata siku kama ile huwezi kuweka vidole chini ya kidevu cha mama mkwe. Sikufikiria hilo nilipomfundisha Anethi kuifunga. Aliacha kuvuta, akageuka, akaanza kutembea kuelekea mjini na helmeti kichwani.

Nikamfuata na pikipiki kwa gia ya kwanza, upande wa barabara, ili magari yanipate mimi kabla yake. Haoni vizuri. Malori yanapiga honi. Bodaboda wote wanageuka kutuangalia, mwanamke mzima wa kanisa na kikapu cha ndizi na helmeti, na mwanamume nyuma yake.

Na intakom ilikuwa bado imewaka. Nilimsikia yote. Pumzi yake kwanza. Kisha kilio, cha chini, bila maneno. Kisha maneno. Kimaasai changu ni cha ng'ombe: joto, mimba, maziwa, maji. Nilielewa mtoto wangu. Nilielewa pumzi. Jina nililielewa. Mengine sikuyaelewa, lakini sauti ilikuwa ya mama anayemgombeza binti kwamba kwa nini alikuwa mnyamavu hivyo, kwa nini hakumpiga mwanamume huyu kichwani. Au labda hayo ni yangu.

Hakuwa anaongea na mimi. Nilisikiliza kuliko nilivyostahili. Kisha nikaona haya, nikazima injini, nikavua helmeti yangu, nikaitundika kwenye usukani. Polisi hawaruhusu kuendesha bila helmeti, kwa hiyo nikasukuma. Pikipiki ni nzito. Nililia na mimi, na jasho likasaidia machozi yasionekane.

Mbele kidogo kulikuwa na mama anachoma mahindi. Mama mkwe alisimama kwake, akamwonyesha kidevu. Yule mama akafuta mikono, akafungua kamba. Mama mkwe akaketi kwenye kigogo, akanywa maji, akafuta uso kwa kitenge. Nilisimama mbali. Muda ulipita, sijui kiasi gani, sikutazama saa. Kisha akamwambia yule mama amfunge tena. Akaja akapanda, akaweka kikapu.

"Tutachelewa," akasema.

Tulipoona geti la hospitali akauliza:

"Aligonga mara ngapi?"

"Tatu."

"Ya tatu ilikuwa wapi?"

"Sakina, kwenye mteremko."

Nesi ndiye aliyemfungua kamba. Walimwingiza ndani. Alimwachia mhudumu wa mapokezi kikapu chote cha ndizi, wala hakugeukia nilipokuwa.

Ijumaa, 28 Machi

Wameweka mawe kwenye kalavati, gari la jirani limeshuka na Lomayani. Nimekwenda hospitali ingawa hakuna aliyeniita. Nilisimama mlangoni mwa wodi.

Nesi alitoa bandeji. Mama mkwe akafumbafumba jicho, akamwangalia nesi, akamwangalia mwanawe, akaangalia dirisha. Kisha akaniangalia mimi. Usoni. Hakugeuza. Niliinamisha kichwa, nilipokiinua bado alikuwa ananiangalia. Akasema kitu kwa Kimaasai. Lomayani akawa mzito kukitafsiri.

Anasema umekonda, akasema.

Wakampakia kwenye gari, wakaondoka.

Jumapili, 30 Machi

Olmotonyi. Mama mkwe hakutoka nje. Anethi aliniletea chai, akasema koko hataki kelele, anaumwa jicho. Lomayani aliniuliza nilimwambia nini mama njiani, kwa sababu tangu arudi haongei. Nikamwambia na yeye. Nilimwambia tukiwa wima, nikimtazama, ilikuwa ngumu mara kumi. Alichukua jembe akaenda shambani. Hakuniaga.

Nimemwaga chai kwenye nyasi. Nadhani nimempoteza mtoto. Na pamoja na hayo kifua changu ni chepesi, na naona aibu kwa wepesi huo.

Jumatano, 2 Aprili

Ng'ombe wanne. Simu zote nimepokea. GPS haikukosea hata mara moja. Nimekula mkate tu.

Jumapili, 6 Aprili

Nilikwenda nikijua huenda nikakuta geti limefungwa. Halikufungwa. Nilikaa kwenye benchi. Anethi alikuwa bado kanisani, kwaya ya watoto inajiandaa kwa Matawi. Mvua ya rasharasha.

Mama mkwe akatoka. Hakupitiliza. Alisimama mbele yangu, hatua nne au tano. Nikasimama, nikasema shikamoo, macho chini. Hakuitikia shikamoo. Akangoja mpaka nikainua macho. Jicho moja bado jekundu, lingine bado lina ukungu. Nilimwona vizuri kwa mara ya kwanza. Ni mwanamke mdogo kuliko sauti yake.

"Mimi hasira ninayo bado," akasema. "Mtoto hana. Njoo Jumamosi umchukue. Kwa miguu."

Kisha akaingia ndani kuangalia maharage yake.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeiacha pikipiki kwa Ombeni. Nimepanda Olmotonyi kwa miguu kutoka lami, nikafika nimelowa jasho. Lomayani alinipa mkono. Mfuko wa nguo ulikuwa umefungwa tayari, na juu yake furushi la viazi na chupa ya maziwa.

Tulishuka polepole. Nilikuwa nimejiandaa kwa nzuri na nimekula. Mwanzoni ndivyo ilivyokuwa. Kisha alichoka kunyamaza, au alinizoea, na akaanza kunionyesha: hapa alianguka, hapa kuna nyoka, nyumba hii wana televisheni kubwa. Kufika lami nilikuwa nimembeba mgongoni na yeye bado anaongea. Bajaji ndiyo iliyotufikisha Kaloleni. Koko hakusema chochote kuhusu bajaji.

Nilipika wali. Mwingi mno, kama kawaida, na safari hii ulikwisha karibu wote. Aliuliza nalala wapi, yeye analala wapi, choo kiko wapi, kama jirani ana watoto. Akaweka nguo zake kwenye droo ya chini, zote, mpaka soksi. Sikumwambia ni likizo tu.

Sasa ni saa tisa mchana. Amelala kwenye kochi, kiatu kimoja mguuni. Mvua inanyesha juu ya bati. Simu imeita mara mbili, mwenye ng'ombe wa Terrat, nimemwelekeza kwa mwenzangu.

Anakoroma. Kidogo, kama paka. Ni mwanangu, ana miaka minane, na sikujua kwamba anakoroma.